Nataka Kuona Vyombo Vimechoka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa funguo kabla ya kupewa chaki. Hedimasta wa shule ile ya bweni ya wavulana, hapa hapa Nakuru mjini, alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza ibada. Alinipeleka maabara, akafungua stoo, akanionyesha rafu zilivyojaa: mizani, lenzi, springi, voltimita za kupimia nguvu ya umeme, ammita za kupimia mkondo wake, na bika, vile vikombe vya kioo vya maabara, zimepangwa kwa ukubwa kama watoto kwenye mstari wa asubuhi.

"Madam," akasema, "hivi vyote nilivikuta hapa nilipokuja, na nitaviacha hapa nikiondoka. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilikuwa na digrii ya ualimu, viatu vipya vinavyonibana, na baba mstaafu wa reli aliyekuwa ametangazia majirani wote kwamba Nafula wake ameandikwa na serikali. Ningebishana na nani?

Ninyi walimu vijana mnaoingia darasani na simu yenye video ya kila jaribio, ni lazima niwaeleze jinsi fizikia ilivyofundishwa wakati wetu. Kulikuwa na kitu kikiitwa demonstresheni. Mwalimu anasimama mbele, anafanya jaribio peke yake, darasa zima linatazama. Wa mbele wanaona. Wa katikati wanaona migongo ya wa mbele. Wa nyuma wanasinzia. Kisha wote wanaandika, "Tuliona kwamba mkondo uliongezeka." Waliona nini, jamani? Mwanafunzi alianza kushika vyombo kwa mikono yake akiwa kidato cha nne, muhula wa mwisho, mtihani wa vitendo ukiwa mlangoni. Na akivunja kitu, sheria ilikuwa moja katika kila shule niliyofundisha: nenda nyumbani, lete mzazi.

Hiyo "lete mzazi" isikieni vizuri. Kwa mtoto ambaye baba yake ana gari na ofisi, ni usumbufu wa saa moja. Kwa mtoto wa kibarua, ni baba kupoteza siku ya kazi, aje asimame mbele ya dawati, kofia mkononi, akaripiwe mwanawe akisikia. Watoto si wajinga. Ukimwambia, "Njoo ushike," anaweka mikono nyuma na kusema, "Hapana Madam, nimeona tu."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa hadi shule ya kutwa karibu na Kariandusi. Wazazi wengi walikuwa wafanyakazi wa machimbo. Maabara ilikuwa chumba chenye sinki lisilo na mfereji. Hapo nilijifunza kubuni. Lile jiwe jeupe jepesi linalochimbwa kule, daiatomaiti, tulilisaga tukachujia maji ya tope, na watoto wakaelewa uchujaji kuliko kitabu chochote. Naibu wa mwalimu mkuu alipita dirishani akaniuliza, "Madam, unafundisha sayansi ama unafungua kwari yako?" Nikamwambia achukue beleshi aingie.

Mtihani wa vitendo ulipokaribia, tulikopa vyombo kutoka shule kubwa ya mjini, kama watu wanavyokopa sufuria za harusi. Unavihesabu mbele ya mwenyewe, unavifunga kwa magazeti, unavipakia kwenye pikapu, unaomba Mungu barabara nzima, na mtihani ukiisha unavirudisha vimeoshwa. Kwa hivyo mtoto wetu alikutana na voltimita kwa mara ya kwanza siku ambayo voltimita hiyo inaamua maisha yake. Matokeo yakitoka, watu wa mjini walisema watoto wa huku hawana kichwa cha sayansi. Maneno hayo yalinichoma, na bado yananichoma.

Kutoka hapo nilipelekwa Naivasha, upande wa Kihoto. Msimu mmoja mvua ilizidi, ziwa likaingia mtaani na maji yakafika kwenye mlango wa maabara yetu. Tuliwaita wanafunzi waokoe vyombo. Watoto wale wale waliokatazwa kugusa bika moja walibeba maabara nzima vichwani, maji magotini, wakiimba nyimbo za sherehe, na hakikuvunjika hata kitu kimoja. Niliwatazama nikacheka peke yangu. Wakati wa shida mikono yao ilikuwa mizuri, maji yakikauka tunaifunga tena.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Dundori. Baridi ya kule inaingia hadi kwenye mifupa, lakini viazi vyake, wacha tu. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, watoto wa wakulima na wauza maziwa. Prinsipo alikuwa mama mzaliwa wa huko huko, mnyoofu kama rula, anayefika shuleni kabla ya mlinzi kufungua geti. Kabla sijafika, wafadhili fulani walikuwa wameipa shule seti nzima ya vyombo vya fizikia. Nilipoambiwa hivyo sikungoja hata kuketi. Nikauliza viko wapi.

Vilikuwa ofisini kwa Prinsipo. Alikuwa ametengenezesha kabati la vioo, akavipanga ndani karibu na vikombe vya riadha. Kila Ijumaa alivifuta vumbi yeye mwenyewe.

"Madam, tunaweza kuvitumia lini?" nikamuuliza.

"Tutavitumia, Mwalimu. Kuna haraka gani? Vikivunjika nani ataniletea vingine? Wewe?"

Alikuwa anasema kweli. Ninyi mliosoma shule zenye kila kitu mtamcheka, lakini msimcheke. Katika shule maskini kitu kikivunjika hakirudi. Aliyezoea hivyo huwezi kumwambia aachilie kioo mikononi mwa watoto sitini.

Mwaka huo huo akaja Afisa wa Ubora wa Elimu kutoka ofisi ya mjini. Alikuwa mzee mfupi, mtulivu, amevaa gambuti kwa sababu ya matope. Kazi yake ilikuwa kukagua shule zisizo na maabara kamili na kupendekeza kama ziendelee kufundisha fizikia au ziache. Prinsipo hakuwa na wasiwasi wowote. Alimfungulia kabati akasimama kando, akitabasamu kama bi harusi.

Afisa akachukua voltimita moja. Ile plastiki nyembamba inayobandikwa usoni kiwandani ilikuwa bado iko.

"Prinsipo, hii plastiki ni ya nini?"

"Ni ya kuilinda isipate mikwaruzo, sir."

"Na wanafunzi wanasoma na nini?"

"Huwa tunawaleta hapa, sir. Wanaziona."

"Wanaziona?"

"Kila mwezi, sir. Kwa foleni."

Nilitamani ardhi ifunguke. Afisa aliirudisha voltimita taratibu mahali pake, akafunga mlango wa kabati, akasema bila kupandisha sauti kwamba shule hii ina maonyesho, haina sayansi. Angependekeza fizikia iondolewe, na kidato cha pili waliokuwa karibu kuchagua masomo wasipewe nafasi ya kuichagua. Tabasamu la Prinsipo lilizimika. Kile alichokitunza kwa moyo wake wote ndicho kilichomponza.

Habari hazikai ofisini. Kabla ya chakula cha mchana msichana mmoja wa kidato cha pili, Wairimu, alinisubiri nje ya stafurumu. Mama yake alikuwa na ng'ombe wawili na kuuza maziwa kwenye ushirika wa wakulima. Shule ya bweni kwao ilikuwa ndoto.

"Madam, ni ukweli fizikia inatolewa?"

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu. Madam, mimi nataka kazi ya stima, niwe fundi wa umeme. Sasa nitaisomea wapi?"

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali, ningembembeleza na mambo yakaisha. Alisimama tu akiningoja mimi, mtu mzima, nijibu. Shule nyingine yenye fizikia karibu na kwao ilikuwa ya bweni. Ikiondolewa kwetu, kwake imeisha.

Nilimkimbilia Afisa akiwa tayari anafungua mlango wa gari. Nikamwambia atupe muhula mmoja. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Si mingi, mzee."

"Na bado una nguvu za kukimbia hivi?" Akacheka kidogo. "Sawa. Nitarudi kabla shule hazijafungwa. Lakini sikiliza. Nikirudi sitaki kuona vyombo vinang'aa. Nataka kuona vyombo vimechoka."

Nilirudi ofisini nikamkuta Prinsipo ameketi akilitazama kabati. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanijibu kwamba mwenye kusema methali hiyo labda alikuwa na koleo la pili. Hata hivyo alivuta droo, akanipa ufunguo.

"Chukua. Lakini sheria ya mzazi inabaki, Mwalimu. Lazima watoto wawe na adabu na vitu."

Sikubishana. Nilikuwa nimepata nusu ya nilichotaka, na heri nusu shari kuliko shari kamili.

Somo la kwanza nilipanga vyombo mezani nikawaambia waje. Mikono yote nyuma. Nikasubiri. Nikatania kwamba ammita haiumi, haijawahi kumuuma mtu. Aliyetoka wa kwanza ni Wairimu. Tulikuwa tunapima joto la maji, na alipotoa bika motoni akaiweka juu ya simenti iliyolowa, ikapasuka katikati. Kosa la kawaida kabisa, kioo cha moto hakipendi maji baridi, na ndivyo mtu anavyojifunza. Lakini kabla sijafungua mdomo, msichana alikuwa ameshachukua mkoba wake akatoka. Hakufukuzwa na mtu. Aliijua sheria akajihukumu mwenyewe.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake hakuja. Darasani mikono ilirudi nyuma, sasa ikiwa imekazwa zaidi. Nilienda kwa Prinsipo nikiwa nimekasirika, na mimi nikikasirika nasikika mpaka jikoni kwa wapishi. Nilimwambia muhula unaisha, Afisa anarudi, na mtoto pekee aliyekuwa na ujasiri tumempoteza kwa sababu ya gilasi. Prinsipo alisema sheria ni sheria, na akiivunja kwa mmoja atawaambia nini wazazi wa wengine.

Tukiwa katikati ya kelele hizo mlango ukabishwa. Akaingia mama mmoja, gambuti miguuni, leso kichwani, na kuku mwekundu kwapani. Nyuma yake Wairimu, macho chini.

"Habari ya asubuhi, walimu. Mimi ndiye Mama Wairimu. Huyu amekuwa akienda kujificha kwa shamba la viazi, mimi nikidhani ako shule. Jana ndio nimeskia alivunja kikombe ya shule. Kikombe kama hiyo mimi sina. Nimeleta kuku."

Aliyejibu kwanza ni kuku.

"Anataga?" Prinsipo akauliza hatimaye.

"Anataga vizuri sana."

"Mama, unaniletea kuku anayetaga kwa sababu ya gilasi?"

"Si ya gilasi, Mwalimu. Ni ya huyu kusoma."

Prinsipo alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Yeye pia alikuwa mtoto wa Dundori, na nadhani aliona mama yake mwenyewe amesimama pale. Kisha akaivaa tena.

"Mama, rudi na kuku wako. Mwalimu Nafula, mpeleke Wairimu darasani. Na hiyo sheria..."

"Sheria gani, Madam?" nikauliza.

"Usinichokoze, Nafula. Unajua ni gani. Imeisha."

Mama Wairimu hakuamini. Alisema haondoki na kuku mpaka amwone mtoto wake kwa macho yake akishika vitu vya shule bila kugombezwa. Basi twende. Kuku akafungwa kwenye mguu wa meza, mama akaketi kwenye benchi la nyuma, na mimi nikafundisha mkondo wa umeme huku kuku akitoa maoni yake. Watoto walicheka mpaka wakasahau kuogopa. Wairimu alipounganisha betri, waya na balbu, taa ikawaka, mama yake alisimama.

"Ngai! Kumbe ni hivyo tu? Na vile mlikuwa mmeifungia!"

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Kuanzia siku hiyo mikono ilitoka mbele. Tulifanya kazi ile kila siku iliyofuata, vikundi vya watoto wanne wanne, kila mmoja akishika kwa zamu, na aliyevunja kitu alichukua ufagio, akazoa vioo, akaeleza wenzake kwa nini kimevunjika, akaendelea. Prinsipo alikuwa akipita dirishani akisikia kioo kinaanguka, anafumba macho, anapita. Ammita moja ilikuwa ikidanganya kidogo, watoto wakaiita Mheshimiwa. Nyaya zilikatika tukazifunga. Balbu ziliungua. Zile plastiki za usoni zilitoka siku ya kwanza.

Afisa alirudi kama alivyoahidi. Nilikuwa nimepanga wanafunzi wangu wa kumwonyesha, lakini yeye hakuwataka. Akanyoosha kidole nyuma kabisa.

"Wewe wa sweta iliyotoboka. Njoo uniunganishie sakiti, unipimie mkondo."

Alikuwa Wairimu. Akaja, akaunganisha, akafunga swichi. Balbu haikuwaka. Prinsipo alinishika mkono kwa nguvu nikahisi kucha zake. Kila kitu kilikuwa pale mezani: fizikia ya shule, na kazi ya stima ya mtoto huyu. Nilitaka kumwambia aangalie betri. Nilijiuma ulimi.

Wairimu hakunitazama. Hakumtazama Afisa pia. Alifungua swichi akaanza mwanzo. Akabadilisha balbu, hapana. Akapima betri, ni nzima. Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole mpaka akafika kwenye kishikio cha betri, akakiinamia, akaona kutu. Akaomba msasa, hakuna aliyekuwa nao, akachukua ukingo wa rula ya chuma akaikwangua ile kutu polepole, kana kwamba chumbani hakuna mtu mwingine. Akafunga swichi. Taa ikawaka. Ndipo akasoma ammita, kisha akasema, "Lakini sir, hii ni Mheshimiwa. Tafadhali niruhusu nisome na ile nyingine."

Tulipomweleza Afisa maana yake alicheka mpaka machozi. Akaenda mezani, akaokota voltimita yenye mikwaruzo, bika yenye ukingo uliomeguka, waya uliofungwa mafundo.

"Prinsipo, hivi vyombo vimechoka."

"Vimechoka kabisa, sir," akajibu Prinsipo, kichwa juu. Sijawahi kumwona akijivunia kitu hivyo.

Fizikia ikabaki. Kidato cha pili wakachagua masomo yao, na Wairimu alikuwa wa kwanza kuandika jina.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini kama sheria inavyotaka. Walinichinjia mbuzi, wakanipa blanketi, wakatoa hotuba ndefu mpaka mbuzi akapoa. Siku hizi niko nyumbani Nakuru na watu huja kuniuliza kuhusu mtaala mpya, roboti, kompyuta. Nawaambia mambo hayo ni mazuri na mimi nayatamani, ningekuwa kijana ningerudi kesho. Lakini nimetembelea shule nikaonyeshwa tableti za watoto zimefungiwa kwenye sanduku la chuma, kufuli tatu, chaji ilishakufa. Mwalimu akaniambia kwa fahari kwamba hakuna hata moja iliyopasuka. Nilisikia uchungu, nikamwambia hivyo. Msimlaumu yeye peke yake, kwa maana ukimpa mtu maskini kitu kimoja bila kumwahidi cha pili, umempa kazi ya ulinzi. Anayetaka watoto wa huku wajue sayansi alete vyombo, na alete vya kubadilisha vitakapovunjika, kisha aache mikono ya watoto ifanye kazi.

Wairimu hakupata alama za kuingia chuo kikuu. Nasema hivyo kwa sababu hadithi za walimu huwa na mwanafunzi aliyekuwa daktari bingwa, na wangu hakuwa. Alienda chuo cha ufundi, akasomea umeme.

Majuzi nilipanda Dundori kununua viazi. Nilipofika kwenye ushirika wa maziwa nikakuta akina mama wamepanga foleni na mitungi yao, nyuso zimekunjamana. Mashine ya kupoza maziwa ilikuwa imelala tangu alfajiri, na maziwa hayangojei mtu. Mama Wairimu alikuwa kwenye foleni, mtungi mkononi. Ndani, chini ya mashine, nikaona miguu ya ovaroli.

"Nani huyo amesimama kwa mwangaza?" sauti ikauliza kutoka chini.

"Ni mimi, Mwalimu Nafula."

"Madam! Aki umekuja saa nzuri. Weka mkoba chini. Shikilia hii tochi."

Nikapiga magoti kwenye simenti, na magoti yangu yakalalamika. Nikaelekeza tochi nilipodhani panafaa.

"Siyo hapo, Madam. Juu kidogo. Ngoja... hapo. Usitingishike."

Sikutingishika. Wairimu akaendelea kukaza nati, na mimi nikabaki pale nimeshikilia tochi kwa mikono miwili, nikiwa na furaha ambayo sina jina lake. Kisha mashine ikanguruma, na nje akina mama wakaanza kusogea na mitungi yao.